Ndoo ya Bluu, Hereford

Miaka minne mcheri wangu umechanua
kwenye kiwanja namba kumi na tisa, nyuma ya reli,
ukavaa nyeupe toka kiunoni hadi utosini,
na kila Julai ukanipa majani.

Nikadhani ni baridi. Nikadhani ni udongo mwekundu wa hapa.
Nikaununulia mbolea.
Nikausemesha, Mungu anisamehe, kwa ukali.

Glenys Prosser wa kiwanja cha jirani
akazima redio yake, akasema:
"Hauumwi. Una adabu."

Akachuma ua, akalipasua kwa ukucha.
Miaka ishirini na sita alilipwa kuponda maua kama hili
na kuyatazama kwa hadubini, kwenye mwanga wa zambarau.
"Shingo hii," alisema, "ndiyo penye kesi."

Chembe ya chavua hutua juu, kwenye unyevu,
hupiga hodi, hukaribishwa,
huanza kuteremsha mrija mwembamba kuliko uzi wa buibui.
Theluthi ya njia, huulizwa:
jina lako?
Chavua ina jina moja, kati ya mawili ya mti ulioizaa.
Shingo inayo yote mawili, nayo haisahau.
Jina likilingana na lolote kati ya hayo,
kimeng'enya huingia na mkasi wake,
hukatakata kila barua ya maagizo iliyomo ndani ya mrija,
na mrija husimama,
ncha ikafura, ikapasuka kimya,
milimita chache kabla ya yai.

Sikuwa na neno la Kiingereza la kumpa Glenys.
Kwetu lipo: maharimu.

Mimi kazi yangu ni damu.
Usiku, ghorofa ya chini ya hospitali,
natafuta mfuko unaolingana na mgonjwa,
tone kwa tone, lebo kwa lebo.
Tofauti ndogo tu, damu hushikana madonge kwenye neli
nami nasema hapana, leteni mwingine.
Na mti huu, saa hizo hizo, gizani,
unasema hapana kwa sababu iliyo kinyume:
umefanana nami mno.

Mama hupiga simu Ijumaa.
Damu nzito kuliko maji, hunikumbusha,
na mtoto wa ami yako bado anangoja, ana duka la vipuri sasa.
Namjibu kuwa uzito wa damu nimeupima, ni kweli.
Mengine nasingizia mtandao.

"Kuna miche mingine," Glenys alisema,
"huuzwa hata pale kwenye maegesho ya supamaketi.
Bibi yao alipigwa eksirei,
jeni ya chavua ikavunjika mahali padogo,
tangu hapo chavua yao hupita bila kuulizwa.
Mti mmoja, peke yake, matunda tele.
Ng'oa huu. Ni paundi thelathini tu."

Nikaushika mti wangu kwenye gome, nikanyamaza.

Jumamosi ya pili ya Aprili akaja na tawi
la mcheri wa uani kwake, wenye majina mengine,
limesimama ndani ya ndoo ya bluu ya kulishia farasi.
Tukaining'iniza kwa kamba ya nailoni katikati ya matawi yangu.
Posa gani hii, nikacheka,
bwana harusi kaletwa kwenye ndoo!

Mvua ikanyesha siku tatu. Mshenga hakuonekana.
Siku ya nne jua likachungulia kwa saa mbili,
na nyuki mnene mwenye koti la manyoya
akatoka kwenye ndoo, akaja kwangu,
akarudi, kama aliyesahau kitu,
akaja tena.

Julai: cheri kumi na saba.
Ndege walikula kumi na tatu.
Glenys mbili, mimi mbili, tumesimama,
tukitemea kokwa viganjani.

Zangu zimo mfukoni mwa koti la kazini,
bila lebo.
Usiku, nikingoja mashine imalize kuzungusha,
huzigonganisha kwa vidole.
Majina yaliyomo siyajui.
Mti nao haujui.